Jamani, Bonde la Kerio! Vaa Viatu Twende

Nimerudi, na siwezi kukaa kimya! Vumbi jekundu bado limenijaa masikioni, mapaja yanatetemeka kila nikigusa ngazi, na kila ninayekutana naye namshika mkono nimsimulie. Leo zamu yako. Ndugu yangu, ule mzunguko wa vijia unaoanzia ukingo wa Iten, ukashuka hadi Kessup, ukapitia maporomoko ya Torok, halafu ukakurudisha juu ukihema, si mchezo! Si mchezo hata kidogo!

Iten unaijua hata kama hujawahi kukanyaga. Mji ule wa Elgeyo Marakwet, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lango lake linajitangaza kuwa nyumbani kwa mabingwa, na haliongopi. Brother Colm O'Connell alikuja kufundisha pale shule ya St. Patrick's mwaka 1976, na mmoja wa vijana aliowanoa ni David Rudisha, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka 2012. Basi wageni wakifika wanavamia barabara za vumbi za huko juu, wanafukuzana na makundi ya wakimbiaji, wanapiga picha langoni, haooo, wameondoka. Na pale pembeni tu, hatua chache kutoka kwenye maduka, ardhi imekatika! Imekatika wima, bonde zima limetandazwa zaidi ya mita 1,000 huko chini, pana, lenye ukungu wa samawati, zuri kupita kiasi, na wao wameligeuzia mgongo. Wewe usithubutu.

Juu asubuhi ni baridi, ile ya kutoa moshi mdomoni. Unasogea ukingoni, kijia kinajitupa chini katikati ya mawe na vichaka, nawe unajitupa nacho. Hujamaliza hata kona ya kwanza, joto linakupiga usoni, zito, lenye harufu ya majani makavu na vumbi na mbuzi, kama umefunua sufuria ya ugali. Kadiri unavyoshuka ndivyo linavyokukumbatia. Mgongoni bado una ubaridi wa Iten, kifuani tayari uko Kerio. Na bado!

Miguu inapata wazimu. Jiwe linabingirika, unaruka, unatua kwenye udongo laini, unadaka tawi, tawi lina miiba, unaliachia, kona, mbuzi, kona tena, mbuzi wengine wamejipanga juu ya mwamba wanakukagua. Hakuna nafasi ya kufikiria deni wala bosi. Macho yako yote yako kwenye hatua inayofuata, kifua kinacheka chenyewe. Kisha unainua uso mara moja na unamwona mwewe anaelea, na unachokiona ni mgongo wake. Mgongo! Lini mara ya mwisho ulimtazama mwewe aliye angani kutoka juu? Ule upepo wa moto unaopanda kutoka bondeni ndio umembeba, na ndio huohuo unaowabeba wanaopaa kwa paraglaida kutoka ukingo uleule. Nilisimama nikapiga kelele peke yangu. Bila aibu.

Halafu, ukidhani utateremka mpaka mwisho wa dunia, genge linatulia. Kessup! Kijukwaa cha ardhi kimejibanza katikati ya mwinuko, kijani, kina mashamba na ng'ombe na vijia vitamu vya kukimbilia, vilivyonyooka hasa. Wakeiyo wameishi kwenye vijukwaa hivi vizazi na vizazi, na ukifika tu unaelewa kwa nini: juu baridi kali, chini joto na malaria, hapa katikati hewa safi na macho yanafika mbali. Ukiifuata barabara ya lami inayoshuka kwa kona zake za kizunguzungu utaikuta Tambach, uliokuwa mji wa utawala wa wilaya enzi za mkoloni, nao umeng'ang'ania mwinuko huohuo.

Sasa simama hapo Kessup, nyoosha kidole. Chini kule ni Mto Kerio, unajivuta kwenda kaskazini hadi Ziwa Turkana. Kaskazini, kwenye magenge haya haya, Wamarakwet wamekuwa wakiteremsha maji mashambani kwa mifereji ya mawe, matawi na udongo kwa mamia ya miaka, na mifereji hiyo ingali inafanya kazi! Na ng'ambo ya pili, ile Milima ya Tugen, ndiko mwaka 2000 walikochimbua mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa miaka milioni sita hivi. Unajua kilichowasisimua wataalamu? Mfupa wa paja. Paja linaloonyesha kwamba alitembea kwa miguu miwili! Nami nimesimama hapo, mapaja yangu yanawaka moto, nikamsalimia kwa mbali.

Torok unaisikia kabla hujaiona. Kijia kinaingia kivulini, hewa inakuwa na unyevu, mawe yanateleza, mara paa! Ukuta wa mwamba na maji meupe yanayojiachia kutoka juu, baridi ya kukata meno. Nilichomeka kichwa kizima. Fanya hivyo. Ubongo unaamka, ngozi inasimama, unajikuta unacheka na mtu usiyemjua.

Na bado! Kwa maana huu ni mlima uliopinduliwa: raha umeshapewa, deni linalipwa mwishoni. Kupanda ni mikono magotini, jasho machoni, moyo kooni, hewa inazidi kupungua huku mashavu ya miguu yakilia. Nikiwa hapo nimejikunja, mama mmoja akanipita na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, malapa miguuni. “Chamgei,” akanisalimia, sauti haitetemeki. Nilijibu “chamgei” kwa pumzi mbili. Alipopotea kwenye kona niliona kwa macho yangu mabingwa wanatoka wapi.

Ukifika juu, agiza chai ya maziwa iliyoiva na chapati za moto, na kama ni msimu, tafuta maembe ya Kerio. Yanadondosha maji mpaka viwikoni! Na kama miguu ingali inakubali, panda matatu ya kuelekea Kabarnet ushukie kwenye daraja la Chebloch, ambapo mto umejipenyeza kwenye korongo jembamba la mawe na vijana wa pale wanajirusha majini kutoka juu ya mwamba. Mto wenye mamba! Wewe tazama tu, tafadhali.

Ondoka alfajiri kabla jua halijakasirika. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, vaa viatu vyenye meno, na mchukue kijana wa Kessup akuongoze, maana vijia vinagawanyika ovyo na yeye anajua vyote. Matatu za kutoka Eldoret kuja Iten hazikauki. Mimi narudi Jumamosi, siwezi kungoja zaidi. Chai juu yangu, mapaja juu yako!