Nanga ya Karagwe na Piano ya Nyumbani

Mtu wa pwani akisikia neno nanga huwaza chombo kilichotua bandarini. Katika nchi ya kale ya Karagwe, ambamo Mabira imo (leo iko Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa mwaka 2012), nanga ni ala: ubao uliochongwa mfano wa hori, na uzi mmoja uliopitishwa ncha hadi ncha mara saba au nane. Grant, aliyefika na Speke kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 na kubaki huko kwa maradhi ya mguu, aliandika habari zake. Mwaka 1986 M. M. Mulokozi alizifanyia tendi za nanga za Wahaya tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Uzuri wa nanga ni kwamba mpigaji na mtambaji ni mtu mmoja. Kidole na ulimi hutumikia pumzi moja. Neno likikoma, uzi hujibu, na uzi ukinyamaza, neno husimama peke yake. Tena sauti yake ni ndogo. Asiyenyamaza hasikii kitu.

Washairi wa leo wanaorekodi mashairi ya kusemwa kwa piano katika vyumba vyao wangefaa kuanzia hapo. Aghalabu hufanya kinyume: sauti hurekodiwa leo, piano kesho, kisha kompyuta huviunganisha. Msikilizaji husifu muziki, na hakumbuki mstari hata mmoja. Piano ina nyuzi zaidi ya mia mbili zinazogongwa kwa vinyundo. Pedali ya kulia ikishikiliwa, mlio hujaa chumba na kumeza herufi nyepesi, na neno bila herufi zake ni mvumo tu. Mafundi hulalamika kwamba katika chumba kidogo kipaza sauti cha msomaji hunasa na piano pia. Hiyo si kasoro. Ndiyo inayowalazimisha wawili hao kusikilizana, mpigaji akitazama midomo ya msomaji.

Si kila shairi lifaalo. Shairi la mizani 16, nane kwa nane, lilizoea kughaniwa kwa mahadhi yake. Likisemwa tu, piano hushawishika kugonga kila kina, na shairi huwa bembea ya watoto. Shairi huru ndilo lenye nafasi ya kujibiwa. Wanamapokeo wa miaka ya 1970 waliolikataa, zama za *Kichomi* cha Kezilahabi (1974) na *Malenga wa Bara* ya Kahigi na Mulokozi (1976), walilipima kwa sikio la arudhi, na kwa sikio hilo hukumu yao ilieleweka. Lakini sikio la Kagera lilikwisha kuzoea utungo unaosemwa na kuimbwa juu ya nyuzi, usiongoja kina ili upate mdundo. Ajabu ni kwamba ubishi ule mrefu uliendeshwa karibu wote kwa kalamu, juu ya mambo ya sikio.

Basi chumba kitandikwe zulia, madirisha yafungwe pazia nzito, na wawili warekodi pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mvua ikiangukia mabati katikati ya ubeti, warudie shairi zima. Wasikate kipande na kuunga, kwani pumzi ya pili si ile ya kwanza.