Dirisha Tupu

Anayejifunza SDL, maktaba ya kuandikia michezo ya kompyuta, huanza na dirisha tupu. Halina mchoro wala sauti, ni uwanja wa pikseli 640 kwa 480 tu, na kuufikia kunadai mwenendo ambao fundi wa kazi yoyote angeutambua. Unaita SDL_Init ili maktaba iamke, kisha SDL_CreateWindow upate dirisha. Ukimaliza, unalivunja dirisha, halafu SDL_Quit. Kila ulichofungua unakifunga mwenyewe, maana lugha ni C, na C haina wa kukufagilia nyuma.

Sam Lantinga alianza kuitoa maktaba hii mwaka 1998. Enzi hizo, kuhamisha mchezo kutoka Windows kwenda Linux au Macintosh kulimaanisha kuandika upya sehemu zote zinazogusa skrini, kibodi na spika. Yeye akaweka tabaka jembamba katikati: wewe unasema na SDL, nayo inasema na mashine. Leo tabaka hilo linafika hadi kwenye simu za Android. Leseni yake ya sasa, zlib, ni fupi mno: itumie, ibadilishe, hata uuze ulichojenga nayo, ila usidai kwamba uliiandika wewe.

Dirisha langu la kwanza liliganda. Lilifunguka vizuri, lakini nilipobofya alama ya kulifunga halikuitika, na baada ya sekunde chache kompyuta ikatangaza kwamba programu haijibu. Nilikuwa nimelifungua bila kulisikiliza. Kila kitufe kinachobonyezwa na kila mwendo wa kipanya huingia kwenye foleni, na ni juu ya programu kuipakua foleni hiyo kwa SDL_PollEvent, tukio baada ya tukio, mpaka iishe. Ndipo nilipokielewa kitanzi: pokea matukio, sogeza vitu, chora, onyesha, rudi mwanzo. Mtazame msusi wa mkeka, mkono wake unarudia tendo lile lile juu ya chane za ukindu, na ukili unarefuka. Mchezo wa kompyuta nao husukwa hivyo, mara nyingi zamu 60 kwa sekunde, kila zamu ikipewa milisekunde 16 na ushei.

Kuchora nako kuna adabu yake. Unachorea kwenye ukurasa uliofichwa: unafuta, unapaka, unapanga, na kazi ikishatimia SDL_RenderPresent inauleta mbele. Mtazamaji haoni picha iliyo nusu.

Kinachonivuta kuliko vyote ni sauti. Kadi ya sauti haimsubiri mtu. Mara nyingi inataka sampuli 48,000 kila sekunde, na inazichota kwenye bafa kama nyumba nzima ichotavyo maji kwenye mtungi mmoja. Kazi yako ni kuujaza mtungi kabla haujakauka; ukichelewa hata kidogo, sikio linapata mkwaruzo. Basi kwa nini usitafute mtungi mkubwa? Kwa sababu unachomimina sasa hakisikiki hadi kilichotangulia kiishe. Bafa ya sampuli 4,096 inachelewesha sauti karibu milisekunde 85, na mchezaji anauona mpira umegonga ukuta kabla hajasikia kishindo. Bafa ya 512 inaushusha ucheleweshaji huo hadi kama milisekunde 11, ila hapo programu haina tena nafasi ya kuzubaa. Kipimo sahihi hakiandikwi popote. Unajaribu, unasikiliza, unapunguza, unasikiliza tena. Nimewahi kuimaliza Jumapili nzima kwenye kishindo kimoja, na siijutii siku ile.

Toleo la 3 la SDL lilitoka rasmi Januari 2025, na amri nyingi zimebadilika, zile za sauti zikiwa miongoni mwake. Hata hivyo waliolijenga hawakuwatupa walioandika zamani. Wametengeneza sdl12-compat, inayozipokea amri za toleo la 1.2 na kuzitafsiri kwa toleo la 2, na sdl2-compat, inayozipokea za toleo la 2 na kuzitafsiri kwa la 3. Kwa hiyo mchezo ambao mwenyewe aliuacha miaka ishirini iliyopita unaweza kuwashwa leo: unaita amri zake za kale, zinapita kwa wakalimani wawili, na dirisha linafunguka.