Nani Alisema Kwetu Ni Kudogo?

Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwa mhariri mmoja, simtaji. Ilihusu babu yangu na jirani yake, wazee wawili walionuniana miaka 11 kwa sababu ya mti wa mpaka. Mtu fulani aliung'oa usiku, ukiwa bado mche, akaupanda hatua tatu ndani ya shamba la babu. Mhariri alijibu mapema kuliko nilivyotarajia. Alisema lugha imetulia, ucheshi upo, ila hadithi yenyewe ni "ya kwenu sana". Msomaji wa Nairobi itamhusu nini? Akanishauri niihamishie mjini, huo mti ugeuke nafasi ya kuegesha gari.

Nikafanya hivyo. Wacha nikwambie, hadithi ilinifia mikononi. Babu aliyekuwa akihesabu hatua alfajiri, miguu mitupu kwenye umande, sasa alikuwa bwana fulani wa ghorofa ya nne akimfokea mlinzi. Simjui huyo bwana. Sikuwahi hata kula kwake.

Nikiwa bado na hasira, rafiki yangu anayefundisha fasihi alinitumia shairi la Patrick Kavanagh, "Epic". Ni soneti, mistari 14 basi. Inahusu ugomvi wa mpaka kati ya wakulima wa Ayalandi, mwaka uleule wa 1938 ambapo wakubwa wa Ulaya walikuwa Munich wakiigawa Chekoslovakia. Mshairi anajiuliza ugomvi upi una uzito zaidi, na anayemtoa shaka ni mzuka wa Homer, ambaye utenzi wake mkuu nao ulitokana na ugomvi wa majirani. Nililisoma mara tatu nikiwa kwenye matatu, nikapitisha stage yangu.

Kavanagh alizaliwa 1904 huko Inniskeen, kaunti ya Monaghan. Naam, nao wana kaunti. Baba yake alikuwa fundi viatu mwenye kishamba, na mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 13. Katika insha zake aliwatenganisha watu wa aina mbili ambao sisi huwachanganya. Kuna mtu wa mkoani, ambaye haamini macho yake mpaka asikie mji mkuu umesema nini. Halafu kuna mtu wa parokia, ambaye hana shaka hata kidogo kwamba kijiji chake kinafaa kuandikwa. Sisi tuna neno moja, mshamba, na tumelitupia mtu asiyefaa. Kwa kipimo cha Kavanagh, mshamba halisi alikuwa yule mhariri. Na mimi niliyemtii.

Lakini usidhani Kavanagh alizaliwa akijua hivyo. Mwaka wa 1938 alitoa kitabu cha maisha yake, The Green Fool, kilichochapishwa London. Kiliondolewa sokoni baada ya mwandishi mwingine, Oliver St John Gogarty, kumshtaki kwa kumharibia jina. Miaka ilivyosonga, Kavanagh naye alikikana kitabu hicho. Ukikisoma utaona sababu. Kinachekesha, kina maneno matamu, na kila mwanakijiji ndani yake ni kituko. Ni kijiji kilichopangwa sebuleni ili mgeni afurahi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa mgema alilitia maji hata kabla ya kusifiwa.

Miaka minne baadaye, 1942, alitoa shairi refu The Great Hunger. Kijiji ni kilekile cha viazi na matope, ila hakuna anayechekeshwa. Patrick Maguire ni mkulima asiyeoa, anatawaliwa na mama yake, na mashamba yake yanakula miaka yake hadi anazeeka bila kushika kitu. Njaa ya kwenye jina si ya tumbo pekee. Ni njaa ya mapenzi, ya mwili, ya maisha yenyewe. Mtu wa mjini aliyezoea kuona mashambani kama mahali pa amani na hewa safi hapati pa kupumzikia. Kwangu hiki ndicho kipimo: kitabu cha kwanza kinamtazama mgeni, cha pili kinamtazama jirani machoni, jirani ambaye anaweza kusimama na kusema, "Wewe, hapo umedanganya."

Kipimo hicho nimekipeleka kwingine. Pwani ya kusini-magharibi, kaunti ya Kerry, kuna kisiwa kinaitwa Great Blasket. Hata kilipojaa kabisa, watu wake hawakufika 200. Mwaka wa 1953 serikali ilihamisha wa mwisho, 22 tu. Kisiwa cha watu wachache hivyo kimeipa fasihi ya Kiayalandi rafu nzima ya vitabu.

Kinachonikaa moyoni ni An tOileánach cha Tomás Ó Criomhthain, cha 1929. Tomás alikuwa mvuvi aliyejifunza kuandika lugha yake mwenyewe akiwa mtu mzima. Mgeni mmoja, Brian Ó Ceallaigh, alimsomea Gorky na Pierre Loti ili aone kwamba maisha ya watu wa kawaida yanaweza kuwa kitabu. Angalia vizuri kilichotokea hapo. Mrusi na Mfaransa hawakupelekwa kisiwani ili Tomás awaige. Walipelekwa kumwondolea aibu. Naye akaandika jinsi ya kuwinda sili, jinsi mbao za meli iliyovunjika zinavyogawanywa, nani alimpiga nani. Anamtaja mwanawe aliyeanguka kutoka gengeni akitafuta makinda ya ndege, kisha anaendelea na kazi ya kesho yake. Hakupigi bega ulie. Wanaomsoma kwanza ni watu waliokuwepo kwenye mazishi.

Sasa mweke karibu na Peig Sayers. Peig alizaliwa bara, akaolewa kisiwani, na kwa kila ushahidi alikuwa gwiji wa kusimulia. Wakusanyaji wa ngano walichukua mamia ya masimulizi kutoka kinywani mwake. Lakini kitabu Peig, cha 1936, alimsimulia mwanawe akaandika, kisha kikapita kwa mhariri kutoka Dublin. Kikaja kuwa kitabu teule cha shule kwa miongo kadhaa. Wewe uliyefanya KCSE unajua kinachofuata. Vizazi vizima vilimchukia bibi huyu na shali yake, kana kwamba ni yeye aliyetunga mtihani. Peig wa sauti alikuwa na utani na uchawi, ila Peig wa darasani alibaki na dua na matanga. Taifa changa lilitaka nembo, likamgeuza nyanya wa watu kuwa sanamu. Brian Ó Nualláin aliliona janga hilo mapema. Mwaka wa 1941 alitoa An Béal Bocht, kitabu kinachocheka mtindo mzima wa kuandika umaskini wa mashambani kama sala. Ajabu ni kwamba alikipenda sana kitabu cha Tomás. Aliowacheka ni waigaji na mashabiki wao.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema "andika ya kwenu" kana kwamba ni dawa. Unaweza kuandika ya kwenu ukaishia kuuza vinyago.

Ukitaka kuona inavyofanyika bila heshima za uongo, tafuta Cré na Cille ya Máirtín Ó Cadhain, riwaya ya 1949. Mahali ni makaburi ya Connemara, wahusika wote ni maiti, na kazi yao ni kusengenyana. Kila anayezikwa upya anahojiwa habari za juu: nani kaoa, nani kashinda kesi, nani kazikwa sehemu ya bei gani. Caitríona Pháidín, mhusika mkuu, hana amani kwa sababu dadake Nell bado yuko hai. Hakuna mandhari, hakuna machweo, ni midomo tu. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla tafsiri ya Kiingereza kutoka, mwaka wa 2015. Muda wote huo haikuwa inamngoja yeyote. Wasomaji wake ilikuwa nao tayari.

Mtu atauliza, nani anachapisha vitu kama hivi? Wengi wao hawakai mji mkuu. Peter Fallon alianzisha Gallery Press mwaka wa 1970, na kwa miaka mingi imekuwa ikichapisha mashairi kutoka Loughcrew, mashambani kabisa kaunti ya Meath. Cló Iar-Chonnacht ilianzishwa 1985 na Micheál Ó Conghaile huko Connemara, kwa vitabu na nyimbo za Kiayalandi. Salmon ilianza Galway mwaka wa 1981 ikiongozwa na Jessie Lendennie, mzaliwa wa Arkansas, Marekani, na ikawafungulia mlango washairi wanawake waliokuwa wamezoea kusubiri nje. Mmoja wao ni Rita Ann Higgins, aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Diwani yake ya kwanza, ya 1986, inaitwa Goddess on the Mervue Bus. Mervue ni mtaa wa Galway. Hebu fikiria diwani inayoitwa Malaika kwenye Matatu ya Kayole. Hapo ndipo nilielewa kwamba "kwetu" si lazima kuwe na ng'ombe. Mtaa nao ni parokia, na foleni ya ofisi ya serikali ina utenzi wake.

Wala "kwetu" si suala la damu. Tim Robinson alikuwa Mwingereza wa Yorkshire, mwanahisabati aliyehamia visiwa vya Aran. Wapimaji wa Uingereza katika karne ya 19 walikuwa wameandika majina ya Kiayalandi kwa masikio ya Kiingereza, yakapoteza maana. Robinson alitembea kwa miguu, akabisha milango, akauliza kila mwamba unaitwaje na kwa nini. Ramani yake ya Aran ilitoka 1975, kisha vitabu viwili vikubwa vikafuata. Aliufanyia ukoloni wa majina kazi ya kuurudisha nyuma, jina baada ya jina, akiwa mgeni anayekubali kusahihishwa.

Mfano mkubwa kuliko yote ulifanywa na watoto. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ayalandi iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi waandike masimulizi ya nyumbani badala ya insha za kawaida. Watoto wapatao 50,000, shule kama 5,000, kaunti 26. Wakaenda kwa babu na nyanya na madaftari: dawa za kienyeji, visima, mizimu, michezo, njaa kuu, nani aliuawa wapi. Wazazi wa CBC, hiyo ndiyo asaimenti.

Hapo nilisimama kidogo. Kwa sababu katika shule za nchi hiyohiyo, karne moja kabla, mtoto alivalishwa kijiti shingoni. Kila alipoongea Kiayalandi kilitiwa alama, na jioni alichapwa kwa hesabu ya alama. Sisi tulikiita diski au monto, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika Decolonising the Mind mwaka wa 1986. Mjukuu wa mtoto wa kijiti akapewa daftari na kuambiwa: muulize babu yako, andika jibu. Kwetu kijiti kilitoka, sawa. Daftari liko wapi?

Najua jibu la haraka ni pesa. Ayalandi ina Arts Council tangu 1951, na mashirika madogo ya mashairi hutegemea ruzuku. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Ni kweli, na sitalifanyia mzaha. Ila Tomás hakuwa na ruzuku. Alikuwa na mtu mmoja aliyemwambia kwamba kisiwa chake kinatosha, na majirani wasiokubali aongeze chumvi.

Krismasi nilirudi nyumbani na hadithi yangu ya kwanza, ile ya mti, nikamsomea mtoto wa yule jirani. Sasa naye ni mzee, anatembelea mkongojo. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka mahali nilipotaka acheke. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, umeandika vizuri. Lakini mti ule babu yako ndiye aliyeuhamisha kwanza. Sisi tuliurudisha."

Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe pale mlangoni, hakuinua uso. Wala hakukataa.

Nimeanza kuiandika upya.