Mwanamuziki wa Mbinguni Aliyegeuka Mhuni: Uhakiki wa Asili ya Neno la Kikorea "geondal"

Katika Kikorea cha leo, neno geondal humtaja mtu asiye na kazi, mzururaji anayekula jasho la wengine. Hata mfuasi wa genge la wahuni huitwa hivyo. Maelezo yaliyozoeleka yasema kwamba neno hilo latokana na gandharva, viumbe wa mbinguni katika dini ya Kibudha, ambao hula harufu tu na kupiga muziki. Kwa kuwa hawalimi wala hawapiki, eti ndio wavivu wa kwanza. Maelezo hayo yana nusu ya ukweli.

Kwa upande wa sauti, njia ya neno iko wazi. Kichina cha kale hakikuwa na r mwishoni mwa silabi. Kwa hiyo wafasiri wa vitabu vya Kibudha waliandika silabi dhar ya Kisanskriti kwa herufi iliyosomwa kwa t ya mwisho. Nao Wakorea, katika maneno waliyopokea kutoka Kichina, huitamka t hiyo kama l. Ndivyo lilivyopatikana neno geondalba, ambalo baadaye lilipoteza silabi yake ya mwisho.

Kwa upande wa maana, hoja ya uvivu haitoshi. Kitabu cha Samguk Yusa, kilichotungwa na mtawa Iryeon katika karne ya 13, kimehifadhi wimbo wa enzi ya Silla unaotaja mji wa geondalba, yaani mazigazi, bila dharau yoyote. Aidha, viumbe hao walichongwa kwenye minara ya mawe ya mahekalu miongoni mwa walinzi wa dini. Ikiwa walikula harufu tangu mwanzo, kwa nini hawakudharauliwa tangu mwanzo?

Ni busara zaidi kulitafuta jibu katika enzi ya Joseon (1392–1910). Watawala wake, wafuasi wa Confucius, waliwashusha hadhi watawa wa Kibudha, wakawakataza kuingia mji mkuu hadi mwaka 1895. Wachezaji na wapiga ngoma wa kutangatanga nao walihesabiwa miongoni mwa watu wa chini. Katika jamii iliyomtukuza msomi na mkulima, jina la mwanamuziki wa Kibudha lilikuwa tayari kugeuzwa tusi.

Kwa hiyo geondal si ushahidi wa uvivu wa gandharva, bali ni kumbukumbu ya hukumu iliyotolewa na wenye mamlaka. Mwanaisimu anayefuata sauti na kuisahau jamii huirudia hukumu hiyo bila kujua.