Gari Lilipompita Juu

Katika Stagecoach, filamu ya John Ford ya mwaka 1939, kuna kipande cha sekunde chache ambacho sikichoki. Gari la abiria linalokokotwa na farasi sita linakata uwanda mkavu kwa kasi, wapiganaji wa Kiapache wakilifukuza. Mmoja wao anamsogeza farasi wake hadi ubavuni mwa jozi ya mbele, anajirusha na kuidandia. Ringo Kid, stelingi wetu, yaani John Wayne, anampiga risasi kutoka juu ya gari. Mpiganaji anaporomoka katikati ya farasi, ananing'inia, anaburuzwa, mgongo ukisugua vumbi. Risasi nyingine inalia, naye anaachia. Kwato zinampita kushoto na kulia, kisha gari zima linampita juu. Kamera inamfuata hata akiwa amebaki nyuma, anajigeuza na kujaribu kuinuka, tuone kwamba aliyepitiwa ni mtu kweli.

Mtu huyo ni Yakima Canutt. Alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Washington, akawa bingwa wa rodeo kabla ya sinema kumchukua. Alipoanguka pale alikuwa ameshavuka miaka 40, umri ambao wengi hufikiria kupumzisha mifupa.

Watu wa kuthubutu hawajawahi kuadimika duniani. Ninachokisifu kwa Canutt ni hesabu. Alijua farasi wakienda taratibu huyumba na kusukumana, bali wakikimbia kwa nguvu zao zote hunyooka. Kwa hiyo mbio zile, ambazo mtazamaji anaziona kama hatari yenyewe, ndizo zilizomlinda. Ilibaki kuunyoosha mwili kati ya safu mbili za farasi, mikono na miguu isitoke nje ya nafasi ile nyembamba, na kuachia kwa wakati wake. Dereva akikata kona kidogo tu, gurudumu linamkanyaga. Kila kitu kilipangwa kabla, na kwa kuwa kilipangwa vizuri, mtazamaji anaona ajali tupu.

Baadaye katika mbio zilezile, hatamu zinamponyoka dereva, na Ringo anaruka kutoka kwenye gari, anakanyaga migongo ya farasi, jozi baada ya jozi, mpaka ya mbele. Anayeruka ni Canutt tena, safari hii akiwa amevaa nguo za Wayne. Mwili uleule ulioanguka kama adui unarudi kuokoa abiria kama shujaa.

Lakini ufundi wa Canutt ungepotea bure kama Ford asingejua kusubiri. Sehemu kubwa ya filamu inapita kabla ya mshale wa kwanza. Muda huo wote tunakaa na abiria: Dallas, mwanamke aliyefukuzwa mjini, Daktari Boone, mlevi, Lucy Mallory, mke wa ofisa wa jeshi, mjamzito. Kwenye kituo cha chakula, Ringo anamkaribisha Dallas mezani, na wenye heshima zao wanahamia upande wa pili. Ringo anadhani wanamkimbia yeye, mfungwa aliyetoroka jela. Dallas anajua ukweli, ananyamaza. Baadaye mtoto wa Lucy anazaliwa, na anayempakata ni Dallas yuleyule aliyehamwa. Mshale unapoingia garini, ndani mna watu tunaowajua kwa majina na kwa majeraha yao, na kila kwato inayopiga ardhi inatutia hofu kwa ajili yao.

Kuipenda filamu hii kwa moyo wote kunanidai pia kusema deni lake. Wapiganaji wa Kiapache, karibu wote, wamenyimwa kile walichopewa abiria: jina, neno la kusema, sababu ya kupigana katika nchi iliyokuwa yao. Na baadhi ya farasi waliangushwa kwa waya uliofungwa miguuni, njia ya kikatili iliyozoeleka Hollywood siku zile. Ford aliyeweza kumsikiliza Dallas kwa makini vile alikuwa na uwezo wa kuwasikiliza na hao. Hakufanya hivyo, na pengo hilo linaonekana.

Canutt aliendelea kupanga hatari za wengine. Yale mashindano ya magari ya farasi katika Ben-Hur ya 1959 yalipita mikononi mwake, na mwaka 1967 alikabidhiwa Oscar ya heshima. Mwaka 1981, katika Raiders of the Lost Ark, shujaa alipita chini ya lori linalokimbia, na waliomkumbuka Canutt walielewa heshima hiyo inakwenda kwa nani.

Sinema huwapa sifa wenye sura. Mimi sifa zangu nazipeleka pia kwa mtu aliyelala vumbini, kwa sababu bila mgongo wake na hesabu zake, hofu yetu kwa Dallas na kichanga kile isingekuwa na uzito wowote.