Nyuki wa Wiki ya Tatu

Mzinga uliotundikwa leo hauna asali. Ni sanduku la mbao lililopakwa nta kidogo kwa ndani ili harufu yake iwavute nyuki, likaning'inizwa kwa waya ili nyegere asilifikie. Aliyelitundika hukusanya zana zake akarudi nyumbani. Kundi la nyuki linaweza kuingia baada ya wiki moja, baada ya miezi mitatu, au lisiingie kabisa mpaka msimu mwingine. Hakuna amri wala fedha ya kulilazimisha. Katika misitu ya miombo ya Inyonga, wilayani Mlele, Wakonongo wametundika mizinga na kungoja namna hiyo kizazi baada ya kizazi.

Kungoja huko ndiko kunakoifanya kazi ya nyuki iwafae watu waliokwisha kuuvuka ujana.

Watu wa namna hiyo wapo kila mtaa wa Mpanda. Mmoja ana miaka arobaini na tano, mwingine hamsini. Wana ajira, au wana duka sokoni, na watoto wako sekondari. Jioni, baada ya hesabu za siku, mawazo yao huenda porini, kwa babu aliyekuwa akirudi na masega yanayodondoka, mikono ikinukia moshi. Hamu wanayo. Wanachokihofia ni maneno ya jirani: umri huu ndiyo unaanza? Wanahofia pia kupoteza kile kidogo walichokwisha kukijenga, na hofu hiyo si ya kubezwa, kwa sababu kuna ada za shule ndani yake.

Lakini mji wanamoishi nao umewahi kubadili kazi. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Kufikia mwaka 1960 uchimbaji ule mkubwa ulikuwa umekoma. Reli haikung'olewa. Iliendelea kubeba abiria na mazao, mji ukatafuta riziki nyingine, na mwaka 2012, mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu yake.

Katavi pia inayo historia ya wito uliokuja mapema. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa kijana. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha kama hayo huheshimiwa sana, na ni haki yaheshimiwe. Hata hivyo huwaacha wengine wakiamini kwamba asiyeitwa akiwa na miaka ishirini na kitu ndiyo basi tena, mlango umefungwa.

Historia ya nyuki inasema vingine. Mzinga wa masanduku unaotumika leo duniani kote, na ambao wafugaji wa Tanzania huuita kwa jina la mgunduzi wake, ulitoka mikononi mwa mtu wa makamo. Lorenzo Langstroth, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu. Maradhi ya huzuni yalimrudia mara kwa mara, hata akashindwa kuendelea na kazi ya kuhubiri. Nyuki ndio waliomtuliza. Mwaka 1851, akiwa na miaka 40, alitambua maana ya jambo dogo: ukiacha nafasi ya kama milimita tisa kati ya fremu na ukuta wa mzinga, nyuki huiacha wazi wakaitumia kama njia. Ikizidi hapo hujenga sega, ikipungua huiziba kwa gundi yao. Kwa kuiheshimu nafasi hiyo, mfugaji angeweza kutoa fremu moja moja, akaikagua na kuirudisha bila kuvunja kitu. Hati miliki aliipata mwaka 1852. Utajiri hakuupata, kwa kuwa watu waliiga mzinga wake bila kumlipa, ila alibaki na nyuki hadi uzeeni.

Na huku nyumbani yupo Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda mwaka 1948. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatumikia serikali miaka mingi, na alipoingia bungeni mwaka 2000 alikuwa na miaka 52. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Katika kipindi hicho, umri ukiwa umeshagonga sitini, alizunguka nchi akihimiza ufugaji nyuki, na yeye mwenyewe akafuga. Mtu aliyezoea kujiita mtoto wa mkulima alirudi kwenye kazi ya kwao kupitia lango la ofisi kubwa kuliko zote alizowahi kushika.

Kazi yenyewe inastahili heshima. Zamani mzinga ulitengenezwa kwa gome. Fundi alichagua mti, mara nyingi myombo, akalibandua gome zima mduara mmoja, akalishona na kuziba ncha zake. Ulikuwa ufundi wa kusifiwa, lakini mti uliobanduliwa hivyo hukauka. Magogo yaliyochongwa ndani yalidumu zaidi, ila nayo yalikula miti. Mizinga ya mbao imepunguza gharama hiyo ya msitu, na imefungua mlango mwingine pia. Mzinga wa gome uliwekwa juu sana, na kupanda kulikuwa kazi ya wanaume vijana. Mzinga wa mbao unaweza kuning'inizwa kimo cha kiuno ndani ya manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, na leo mama mwenye wajukuu anaufungua akiwa amesimama chini.

Ndani ya mzinga wa viunzi, kila kiunzi kina upana wa milimita 32 hivi, kwa kuwa nyuki wa Afrika ni wadogo kuliko wa Ulaya na masega yao hukaribiana zaidi. Fundi seremala akikosea hapo, nyuki huunganisha sega na sega na mfugaji hawezi kukagua bila kuharibu. Kwenye kurina nako kuna adabu zake. Watu huenda jua likishazama au linapozama, wakiwa na mavazi ya kinga na bomba la moshi. Moshi uwe wa baridi na wa kiasi, maana ukizidi asali hunuka moshi na bei huporomoka. Mrinaji hukata sega lililozibwa kwa nta tu, kwa sababu nyuki huziba asali ikishaiva na maji yake kupungua. Sega lenye watoto huachwa. Akiba ya nyuki wenyewe huachwa pia. Mwenye pupa humaliza asali yote siku moja, na kundi humhama.

Utulivu wa mkono, kuyasoma majira, kujua kiasi, kumwachia mwingine chake: hayo ndiyo kazi hii inayoyadai, na kijana mwenye nguvu nyingi huyapata polepole. Aliyelea watoto, akauguza mzazi, akaendesha duka kwa faida ndogo miaka kumi, anayo tayari kabla hajanunua mzinga.

Nyuki wenyewe huishi kwa mpango wa kushangaza. Nyuki kibarua aliyezaliwa leo haruki kwenda kwenye maua. Siku za kwanza husafisha vyumba vya sega. Kisha hulisha watoto, halafu hutoa nta na kujenga, halafu hulinda mlango. Anapofika wiki ya tatu hivi ndipo anapotoka kutafuta chavua na maji matamu ya maua, na wakati wa kazi nyingi maisha yake yote hayazidi sana wiki sita. Maana yake, nyuki hukutana na ua la kwanza akiwa katikati ya umri wake. Watafiti wamethibitisha pia kwamba kundi likipungukiwa walezi, baadhi ya nyuki waliokwisha kuwa watafutaji hurudi kulea, na tezi zao zilizokuwa zimesinyaa huanza tena kutoa chakula cha watoto.

Ujasiri wa kuanza kazi hii hauhitaji mtu aandike barua ya kuacha kazi. Mizinga mitatu haimnyimi mwalimu vipindi vyake wala mfanyabiashara wateja wake. Haihitaji kulishwa kila asubuhi wala kumwagiliwa. Inahitaji kukaguliwa kwa ratiba, kulindwa dhidi ya moto wa kiangazi na siafu, na mwenyewe awe tayari kuumwa mara kadhaa mpaka ajifunze kutembea taratibu. Msimu wa kwanza huenda mzinga mmoja tu ukapata kundi. Huo mmoja unatosha kumfundisha. Wazee wa Inyonga wanajua miti inayopendwa na nyuki na miezi ambayo miti hiyo huchanua, na aliyewafuata porini mara mbili hujifunza mengi yasiyoandikwa popote.

Nafasi bado ni kubwa. Takwimu za serikali zimekuwa zikitaja kwa miaka mingi kwamba Tanzania ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na kinachovunwa hakijafika hata nusu ya hapo. Tabora, mkoa jirani, kuna chuo cha serikali cha ufugaji nyuki. Mlele kuna eneo la msitu lililotengwa kwa ajili ya wafugaji nyuki, na Inyonga wana chama chao.

Aliye na miaka arobaini na nane au hamsini na mbili, awe Mpanda mjini, Mishamo, Inyonga au Karema, na ambaye amekuwa akiahirisha jambo hili mwaka hadi mwaka, aende kwa ofisa nyuki wa halmashauri yake kabla miombo haijachanua. Aulize mahali panaporuhusiwa kutundika, na bei ya mzinga mmoja.