Marini na Arinoti wa Zama za Simu: Tahakiki ya Ushabiki wa iPhone na Android Ukitazamwa kutoka Rubaya

1.0 Utangulizi

Ulinganishaji wa simu za Apple na zile zinazotumia mfumo wa Android umekuwa utanzu kamili wa maongezi, wenye kanuni zake. Hutaja kamera, betri, kasi na bei. Hugawa watumiaji katika kambi mbili. Kisha hutoa hukumu. Wasemaji wa Kiswahili wameupokea utanzu huu pamoja na simu zenyewe, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Goma na Bukavu, na wameutia chumvi ya utani wao. Mwenye iPhone huonekana mtu wa juu, na mwenye Android humjibu kwamba amenunua jina.

Makala hii inahakiki ulinganishaji huo wenyewe, si simu. Inadai kwamba swali la "ipi bora?" limefunika maswali mengine matatu yaliyo mazito zaidi: nani anamiliki ushindani huu, nani anavipa vitu majina, na vitu vinavyoshindanishwa vimetokana na nini. Hoja kuu ni kwamba ushabiki wa simu umeazima sura ya ushindani wa kale wa Waswahili, lakini umeacha kiini chake, yaani haki ya mshabiki ya kumiliki chama chake na kukisemea. Rubaya, mji mdogo wa machimbo katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, umechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu huko kambi hizo mbili hukutana katika jiwe moja.

2.0 Ushindani wa Beni na Ushindani wa Simu

Afrika ya Mashariki haikusubiri simu ili ijifunze kugawanyika kwa mapenzi. Mashabiki wa Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na wale wa Simba, iliyoasisiwa mwaka 1936, hurithishana upinzani wao kizazi hadi kizazi. Hata hivyo, mfano unaofaa zaidi kwa mjadala huu ni ngoma ya beni. Ngoma hii ilizuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika pamoja na askari na makarani, na kupita mipaka hadi Kongo ya Wabelgiji. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, alieleza kwa kirefu vyama vyake viwili vikuu vya Tanganyika: Marini na Arinoti. Kwa jumla, Marini ilijinasibu na ustaarabu, usafi wa mavazi na watu wenye cheo. Arinoti ilivuta zaidi watu wa chini. Kila chama kilikuwa na sare, vyeo vya kuiga vya kijeshi na nyimbo za kumdunisha mpinzani.

Mfanano na simu unaonekana mara moja. iPhone, iliyotangazwa Januari 2007 na kuanza kuuzwa Juni mwaka huo, hutengenezwa na kampuni moja inayodhibiti chombo na mfumo wake. Ni Marini wa leo. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa Oktoba 2008, husimamiwa na Google lakini hutumiwa na watengenezaji wengi, kuanzia Samsung hadi Tecno, kwa bei za kila namna. Ni Arinoti, tena Arinoti mwenye watu wengi: duniani, takriban simu janja 7 kati ya 10 hutumia mfumo huu, na barani Afrika uwiano huo ni mkubwa zaidi.

Lakini mfanano huo unaishia hapo. Wanachama wa beni walikuwa wenye chama. Walichanga fedha zao, walichagua viongozi, walisaidiana katika ugonjwa na mazishi, na nyimbo za kujibizana walizitunga wenyewe kwa Kiswahili. Ushindani wao ulizaa sanaa na kusaidia kueneza lugha bara. Mshabiki wa simu hachangi, hununua. Hachagui kiongozi, na mkataba anaoukubali kwa kubonyeza kitufe ameandikiwa na wengine. Tofauti nyingine iko katika namna chama kinavyokufa. Chama cha beni kilikufa wanachama walipokihama. Katika simu, ni kampuni inayomhama mshabiki. Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wake wa simu mwanzoni mwa 2020, na huduma za simu za zamani za BlackBerry zilizimwa Januari 2022, ingawa wapo waliokuwa bado wakizitumia na kuzipenda.

3.0 Majina na Wanaoyatoa

Tofauti hii ya umiliki hudhihirika katika msamiati. Simu ndogo za vitufe zilipoenea, wasemaji walizipa majina kutokana na walichokiona na walichokifanya nazo. Watanzania walisema kitochi, kwa sababu ya taa yake, na kiswaswadu; Wakenya walisema mulika mwizi na kabambe. Haya ni majina ya watumiaji. Yana mzaha, yana picha, na hayakuombwa kwa mtengenezaji yeyote.

Simu za kioo cha kugusa hazikupata bahati hiyo. Istilahi simu janja ilitokana na tafsiri, nayo ina mgogoro ndani yake: neno janja katika Kiswahili hubeba werevu na hila kwa pamoja. Pengine lugha ilisema kweli bila kukusudia, kwani chombo hiki humhudumia mwenyewe huku kikikusanya habari zake. Katika miji ya mashariki mwa Kongo, jina linalosikika sana ni Android, ambalo limekuwa nomino ya kawaida inayotaja simu yoyote ya kugusa. Utaratibu huu si mgeni. Ndio uliofanya Omo iwe sabuni yoyote ya unga na Kolgeti iwe dawa yoyote ya meno.

Matokeo yake ni muhimu kwa mlinganishaji. Mtu wa Goma au Masisi anaposema ana Android, mara nyingi hatangazi uaminifu kwa mfumo wowote. Anasema tu kwamba simu yake hupokea picha na WhatsApp. Jina iPhone, kinyume chake, limebaki nomino ya pekee, karibu na cheo. Hivyo jozi inayoshindanishwa haiko katika daraja moja ya maana: upande mmoja umekuwa jina la jinsi, upande wa pili ni jina la mmoja wa jinsi hiyo. Kwa mantiki ya matumizi hayo, iPhone ni Android ya bei kubwa. Anayehesabu wamiliki na kusema kwamba watu wa Kivu ni waaminifu kwa Google huwa amechukua bei na upatikanaji akaviita mapenzi.

Upande wa lugha ya menyu nao unastahili kutajwa. Android ilianza kutoa menyu za Kiswahili katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010, ilhali iPhone kwa muda mrefu ilimlazimu Mswahili achague Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine ya kigeni. Maneno kama mipangilio, arifa, pakua na sasisha yamezoeleka kwa kiasi kikubwa kupitia vioo hivyo. Ni huduma ya kweli kwa lugha, ingawa Kiswahili chake ni kile cha Dar es Salaam na Nairobi, na msemaji wa Kivu aliyesomea Kifaransa huenda akaona ni rahisi kuiacha simu yake katika Kifaransa. La kushangaza ni kwamba katika mabishano ya mashabiki, hata yale yanayoendeshwa kwa Kiswahili fasaha, lugha ya simu haihesabiwi miongoni mwa sifa za kushindania. Kamera huhesabiwa.

4.0 Uaminifu au Gharama ya Kuhama?

Kinachoitwa uaminifu mara nyingi ni ugumu wa kuondoka. Nchini Marekani, ujumbe kutoka iPhone kwenda iPhone huonekana kwa rangi ya buluu, na ule unaobadilishana na simu nyingine huonekana kwa kijani. Rangi hiyo imetosha kuwafanya vijana wa huko wamtenge mwenzao katika maongezi ya kikundi. Serikali ya Marekani ilipoishtaki Apple mwezi Machi 2024 kwa kuzuia ushindani, jambo hili lilikuwa miongoni mwa hoja zake. Katika Afrika ya Mashariki ukuta huo hauna nguvu, kwa kuwa kikundi cha ukoo, cha kanisa au cha darasa kiko WhatsApp, ambayo haijali simu ni ya nani.

Ushahidi wa upande wa Android ni wa mwaka 2019. Vikwazo vya Marekani vilipoizuia Huawei kupata huduma za Google, simu zake mpya ziliendelea kutumia msingi wa Android, lakini nje ya China wanunuzi wengi walizikimbia. Ilidhihirika kwamba watu walikuwa wameshikamana na programu na akaunti zao kuliko mfumo wenyewe.

Kuna ushahidi wa tatu, wa nyumbani zaidi. Machi 2007, miezi mitatu kabla ya iPhone ya kwanza kuuzwa, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Huduma hiyo haikuhitaji kioo wala mfumo maalumu; ilitumia kadi ya simu, na ilifanya kazi katika kitochi sawasawa na katika simu ya gharama. Mwaka 2012 ilifika Kongo kupitia Vodacom. Kwa hiyo mwaka mmoja ulitoa majibu mawili kwa swali la nini kifanywe na simu. Kwa mchuuzi wa Masisi anayemtumia mama yake fedha, jibu la pili lilibadili maisha zaidi. Mtu huyu naye hulinganisha simu, lakini kwa vigezo vyake: chaji inakaa siku ngapi mahali ambapo kuchaji hulipiwa, je, simu inapokea laini mbili, mtandao mmoja unapopotea mlimani, je, fundi wa sokoni anaweza kuifungua na kuitengeneza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulinganishaji unaopuuza vigezo hivi umeandikwa kwa ajili ya kitanda kingine.

5.0 Jiwe la Rubaya

Rubaya iko yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Goma. Katika vilima vyake huchimbwa koltani kwa sururu na sepetu, huoshwa kwa maji, na kubebwa katika mifuko. Kutoka madini hayo hupatikana tantalamu, metali inayotumiwa kutengeneza kapasita, vipande vidogo sana vinavyohifadhi na kutuliza umeme ndani ya simu. Inakadiriwa kwamba machimbo ya Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia. Maporomoko ya udongo yameua wachimbaji huko zaidi ya mara moja.

Jitihada za kufuatilia asili ya madini zimekuwepo. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilizitaka kampuni zitoe taarifa kama zinatumia madini ya Kongo na nchi jirani, na katika miaka iliyofuata mifuko ilianza kufungwa vilebo vya utambulisho. Lakini mwishoni mwa Aprili 2024 kundi la M23 liliteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba lilikuwa likikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba koltani ilikuwa ikivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Rwanda imekana tuhuma za kunufaika na biashara hiyo. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilipeleka malalamiko ya jinai dhidi ya matawi ya Apple nchini Ufaransa na Ubelgiji. Apple iliyakataa, ikasema kuwa imewaagiza wagavi wake wasitumie madini husika kutoka Kongo na Rwanda.

Ni hapa ushabiki unapoonyesha madhara yake. Habari ya malalamiko hayo ikisomwa kwa jicho la kambi, hugeuka bao: mpenzi wa Android hushangilia, na mpenzi wa iPhone hutafuta utetezi. Wote wawili wamekosea. Apple ilishtakiwa kwa jina, lakini kapasita za tantalamu zimo pia katika simu za wapinzani wake, na madini yakishayeyushwa na kuchanganywa hayabaki na alama ya shimo lake. Kutoka Rubaya, kambi hizo mbili ni mnunuzi mmoja.

Inaweza kutolewa hoja kwamba kumdai mtumiaji ajibu mambo haya ni kumtwisha mzigo usio wake, na kwamba simu hizo hizo ndizo zinazomwezesha mtu wa Rubaya kuwatafuta jamaa zake baada ya mapigano na kupiga picha za kilima kilichoporomoka. Hoja hii ni ya kweli na haipaswi kubezwa. Hata hivyo, inathibitisha madai ya makala hii. Thamani hiyo hutolewa na simu yoyote ya kugusa, wala haitokani na ushindi wa kambi moja juu ya nyingine. Uamuzi wa kununua koltani, kuikataa au kulipia ufuatiliaji wake uko mikononi mwa kampuni. Mshabiki anayezitetea bila kuulizwa huzipunguzia kampuni hizo deni la kujibu.

6.0 Hitimisho

Ulinganishaji si kosa. Ni mwanzo wa uhakiki wowote. Kosa ni kuazima mizani ya mahali pengine na kuita matokeo yake mapenzi. Ushindani wa beni uliwaachia Waswahili nyimbo, vyama na misamiati. Ushindani wa simu, kama unavyoendeshwa sasa, unawaachia risiti. Kwa mhakiki wa Kiswahili, kazi iliyo karibu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa simu kama unavyosemwa Masisi, Walikale na Goma, na kuwataka watengenezaji wa menyu wausikie. Ya pili ni kuongeza katika kila jedwali la ulinganishaji safu mbili ambazo kwa kawaida hazimo: lugha ambayo simu humsemesha nayo mwenyewe, na uwezo wa kampuni kutaja kwa ushahidi mahali ilipopata madini yake. Katika safu hiyo ya pili, kambi zote mbili bado zinadaiwa majibu.